Vidonge vya Kufukuza Uzee

Juzi, kwenye foleni ya forodha pale Malaba, mbele yangu alisimama mchuuzi mwenye tai shingoni na sanduku la chupa za vidonge. Alikuwa amemkazania mama mzee, muuza njugu na mayai ya kuchemsha.

"Mama, hii vitamini inafukuza uzee. Nguvu inarudi kama ya msichana."

"Hata magoti?"

"Magoti ndiyo ya kwanza."

Mama akapapasa goti, akasema hajauza kitu tangu asubuhi. Jamaa akachungulia kikapu. "Basi tubadilishane." Njugu na mayai yote yakaenda. Mama akafunga chupa moja kwenye pindo la leso.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, si ungekula hayo mayai mwenyewe?"

Akanishangaa. "Mayai ni ya kuuza, mwanangu."

Akaondoka akichechemea. Nikamgeukia mchuuzi. "Na wewe unameza vingapi kwa siku?"

Akamenya yai, akalitia lote mdomoni. "Mimi, boss? Mimi nakula chakula."

Nilizisoma zile chupa, wasomaji. Zimeandikwa vidonge vimezwe baada ya kula. Baada ya kula nini?