Kuku wa Muundi Wangu

"Shauri la Kuku Jike Mmoja, Mwekundu, Mwenye Mguu Uliofungwa Vijiti, Kuingizwa Katika Jengo la Serikali Bila Ruhusa." Hivyo ndivyo karani wa baraza alivyoandika, kwa mwandiko wa kupendeza, akapiga mistari miwili chini yake. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, enzi za Mwingereza, kuku huyo alikuwa wangu, na mguu wangu mimi mwenyewe ulikuwa umefungwa vijiti vya namna ileile. Mguu wangu haukuandikiwa karatasi yoyote.

Kijiji chetu kiko njia ya Misima. Jina lake sitalitaja, kwa heshima ya tarishi wa baraza, maana wajukuu zake bado wapo pale na ni watu wazuri.

Mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa, nasi watoto tulishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tukipiga madebe kufukuza ngedere. Siku hiyo nilipiga debe kwa bidii kupita kiasi, nikashuka bila kupitia ngazini. Niliusikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Mama alinibeba mgongoni hadi kwa mama yake, bibi yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Watu walimletea viungo vyao kutoka hata Mazingara.

Bibi hakusema pole. Alipitisha vidole mguuni taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotelea kwenye godoro: kwanza ngozi, halafu nyama, halafu chini kabisa.

"Muundi umekatika," alimwambia mama. "Huu mwembamba wa pembeni mzima. Mshike mabega."

Habari ya mabega sitaieleza. Nilipoacha kulia nilimwona bibi amemkamata kuku wangu mwekundu, niliyepewa na mjomba. Akamvunja mguu mahali palepale, akampaka dawa ileile, akamfunga vijiti vya mti uleule. Ndiyo desturi ya waunga mifupa wa kwetu: mgonjwa na kuku huvunjika siku moja, na siku kuku atakapokanyaga, mgonjwa husimamishwa.

"Bibi, kwa nini usichukue mbuzi?" niliuliza. Mbuzi hawakuwa wangu.

"Mbuzi hapo ana mfupa mmoja. Wewe una miwili, mnene na mwembamba. Kuku naye anayo miwili. Huo mwembamba ni kama sindano inayokuchoma ufizi ukila mguu wake. Hujauona?"

Nilikuwa nimeuona mara nyingi, ila sikujua kwamba na mimi ninao.

"Na akifa?"

"Mpe maji. Hafi."

Hilo halikuwa jibu la swali langu. Nikajijibu mwenyewe: kuku akifa, mguu nao utakufa, nami nitabaki nimelala hivi hivi mpaka nizeeke. Tangu hapo nilimnywesha maji kwa kiganja, asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya tatu jumbe alikumbuka kwamba kuna amri: aliyevunjika apelekwe zahanati. Nikabebwa juu ya kitanda cha kamba, kuku kifuani, bibi akifuata nyuma.

Zahanati ilikuwa na dresa mmoja, yaani mganga msaidizi wa kufunga vidonda, Bwana Zefania, Msambaa kutoka upande wa Korogwe, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata nikadhani inaweza kusimama bila yeye. Ukutani alitundika picha ya mtu asiye na ngozi, nusu nyama nyekundu, nusu mifupa. Sisi watoto tulimwita Mchunwa. Ilisemekana alikuwa mfanyakazi wa mkonge aliyepelekwa hospitali akiwa na homa, akarudi akiwa hivyo. Dirisha lile tulilipita mbio. Sasa nililazwa chini ya picha yake. Alikuwa anacheka, kwa kuwa hakuwa na midomo ya kufanya vinginevyo.

"Shikamoo bibi," alisema dresa. "Mtoto huyu atangoja lori la Korogwe."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wake atapanda mbele au nyuma?"

Bwana Zefania alichukua rula akaanza kumfundisha kwa upole. Hapa bibi pana mifupa miwili. Hii nyekundu ni misuli. Huu mkanda mweupe ni kano, ndio unaoshika nyama kwenye mfupa. Bibi alimsogelea Mchunwa, akamtazama kama anayetazama nyama buchani.

"Aliyemchuna alikuwa na kisu kizuri," alisema. "Hata tando hakutoboa."

"Amechorwa, bibi."

"Sawa, mwanangu. Basi njoo ushike cha kweli."

Dresa aliweka rula chini, akapiga magoti, akapitisha vidole vyake alipopitisha bibi. Kisha akasema, "Umekaa sawasawa," na akamsukumia kuku chini ya kitanda changu, kwa mguu wake, akiangalia pembeni.

Lori lilipofika lilimshusha daktari wa Kizungu aliyekuja kukagua, akifuatana na karani wa baraza aliyebeba daftari. Daktari aliushika mguu wangu, akauliza nani kaufunga, akasema usifunguliwe wala nisisafirishwe. Mambo yangekwisha hapo kama kuku wangu asingeamua kutaga wakati ule, na kulitangazia yai lake jengo zima la serikali. Daktari alicheka. Karani hakucheka, alifungua daftari.

Ndivyo kuku wangu alivyokuwa kidhibiti. Alitiwa ndani ya tenga, akawekwa uani kwa baraza, chini ya ulinzi wa tarishi, mpaka shauri lisikilizwe. Mimi nilirudishwa kwa bibi. Shauri likaahirishwa kwa sababu jumbe alikwenda Handeni, likaahirishwa tena kwa sababu jumbe alirudi amechoka. Wiki zilipita. Bibi aliupapasa mguu, akasema mfupa umeunga, simama. Sikusimama. Ningesimamaje, na kuku yuko kifungoni, sijui hali yake? Alinishika kwapa, nikalegea kama nguo mbichi.

"Mguu mzima, mwenye mguu hataki," nilimsikia akimwambia dresa, ambaye siku hizo alipita kwetu na baiskeli karibu kila jioni.

"Bwana Dresa, kuku wangu hajambo?"

"Hajambo sana. Jana amekula mtama, kisha amejikung'uta mbawa, kisha amelala ubavu wa kulia."

Leo nafahamu kwamba msema kweli hahitaji ubavu wa kulia.

Siku ya shauri nilipelekwa barazani na kitanda changu. Tarishi alileta tenga huku akitazama chini. Kuku mwekundu, vijiti mguuni. Bwana Zefania aliomba ruhusa, kama mtaalamu wa serikali, akikague kidhibiti. Akafungua uzi, kijiti kimoja kimoja, akamweka chini. Kuku alisimama, akanyoosha shingo, akatembea kwa miguu yote miwili kupita mbele ya jumbe, akafika kwenye meza ya karani na kuacha alichoacha.

"Haya," bibi aliniambia. "Na wewe."

Niliteremsha mguu. Ardhi ilikuwa baridi. Nikapiga hatua nne, nikamwangukia bibi tumboni, na mama yangu akajifunika uso kwa khanga.

Karani aliandika: "Kidhibiti kimepona. Shauri limefungwa."

Mguu huo ninao hadi leo. Mwezi wa saba, baridi ikizidi, hunikumbusha ulipokatika. Nilikwisha kuwa na watoto, na bibi tulikwisha kumzika, nilipomkuta Bwana Zefania kwake Korogwe, mzee anayesoma gazeti kwa kioo cha kukuzia maandishi. Picha ya Mchunwa ilikuwa ukutani, imefifia. Nilimuuliza habari za kuku yule. Alikunja gazeti.

"Bibi yako alimaliza kazi yake kwenye mfupa," alisema. "Kilichobaki kilikuwa woga, mama. Na woga katika picha yangu hawakuuchora."

Kisha akanieleza. Kuku wangu alikufa kwa kiu siku ya tano, ndani ya tenga. Aliyetembea barazani alikuwa kuku wa Bwana Zefania. Bibi yangu alimfunga vijiti asubuhi ileile, na hakuwa amevunjika popote.