Fundi Saa na Kipindi Kilichomkuta Ukutani

Mke wa fundi saa alikuwa na sheria moja sebuleni kwake: mtu akifa kwenye televisheni, aachwe afe kwanza, ndipo mumewe aseme mshale wa saa ulikuwa wapi.

Sheria hiyo ilivunjwa kila jioni. Fundi hakutazama tamthilia wala mpira. Yeye na vipindi vya makala, tena alivitazama kama hakimu anayemsikiliza shahidi mwenye midomo mikavu. Wenzake walimtazama simba anayemkimbiza pundamilia. Yeye alitazama kivuli cha mti nyuma ya simba. "Ameanza kukimbia asubuhi, amemkamata alasiri," alisema. "Pundamilia gani huyo asiyechoka?"

Wale wanaofukua makaburi ya wafalme ndio walimkera zaidi. Msimulizi anasema mlango haujafunguliwa kwa miaka elfu tatu, halafu mlango unafunguka na mtangazaji anaonekana kwa mbele, akiingia na tochi. "Na huyo aliyemtangulia ndani na kamera ni nani? Marehemu?" Wanaonong'ona karibu na tembo nao hakuwaacha. "Anamnong'onezea nani? Tembo yuko porini, huyu yuko chumbani na kikombe cha chai."

Lakini ushahidi wake mkubwa ulikuwa saa. Katika kipindi cha kukarabati nyumba za watu, mwenye nyumba hufunguliwa kitambaa machoni, akaona jiko jipya, akalia, akapelekwa sebuleni, akalia tena. "Jikoni ni saa tatu," fundi alimwambia mkewe. "Sebuleni, ambako ameingia baadaye, ni saa mbili na nusu. Huyu mama amelia kinyumenyume."

"Mume wangu," mkewe alisema, "mwache mwenzio afurahie jiko lake."

Katika ukoo mzima, mtu mmoja tu hakuutambua ujuzi huo, naye alikuwa mama mkwe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na msimamo ule ule, na aliutoa hata asipoulizwa: simu zote zina saa, kwa hiyo binti yake ameolewa na mtu anayetengeneza kitu ambacho hakuna anayekihitaji. Jambo moja tu hakuwahi kumlaumu nalo mkwewe. Tangu aoe, fundi hakuwahi kuchelewa popote. Hata siku ya harusi yeye ndiye aliyefungua ukumbi.

Basi siku kituo cha televisheni kilipopiga simu kutaka kumtengenezea kipindi, katika mfululizo wa mafundi ambao kazi zao zimebakiza watu wachache, fundi alijifanya kufikiri kwa siku mbili.

"Si ulisema wote waongo?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo maana wananihitaji."

Mama mkwe alipopigiwa simu alisema atakuja kujionea. Angefika stendi Alhamisi, saa tisa alasiri, na aliyetakiwa kumpokea ni mkwe mwenyewe, si mtu wa kutumwa. Fundi alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa na ombi moja tu duniani: mama mkwe akae kwenye kiti cha wateja, aone kamera imemwelekea mkwewe, halafu akose la kusema.

Alhamisi saa tatu asubuhi walifika watatu: mwongozaji, ambaye alikuwa binti mwenye vipokea sauti shingoni; mpiga picha asiyecheka; na dereva. Duka la fundi lilikuwa na upana wa kitanda kimoja na nusu. Ukutani kulikuwa na saa ishirini na saba, na usiku uliopita fundi alikuwa amezipatanisha zote hadi sekunde, kwa heshima ya watazamaji. Wageni walifunika dirisha kwa kitambaa cheusi, wakawasha taa zao, wakaomba simu zote zizimwe.

"Sasa mteja anaingia," mwongozaji alisema, na dereva akaingia akiwa na saa mkononi.

"Huyu si mteja," fundi alisema. "Huyu ni dereva wenu."

"Fundi, dereva naye ana saa."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika," dereva alijibu.

"Basi nifanye nini?"

"Itazame tu, Mzee," mwongozaji alisema. "Kwa huzuni kidogo."

Fundi alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaitazama ile saa isiyo na tatizo kama mtu aliyeletewa maiti. Nje lori likapiga honi. Mwongozaji akasema wanarudia. Fundi akachukua ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Kurudisha saa nyuma. Huyu bwana aliingia saa nne kamili. Sasa ni saa nne na dakika kumi na moja, na anaingia tena kwa mara ya kwanza. Mtazamaji ataona."

"Hakuna anayetazama hizo, Fundi."

"Yupo mmoja," alisema akipanda. "Namfahamu vizuri."

Mkono wake ulikuwa mwepesi: saa ishirini na saba alizirudisha kwa dakika sita, na hata dakika hizo sita alizitia kwenye hesabu. Kwa kuwa kamera ilikuwa ikimfuata hadi vidoleni, alirudisha na ya mkononi.

Mara ya pili dereva alicheka. Mara ya tatu fundi aliitazama kamera. Mara ya nne mwongozaji alitaka huzuni ipunguzwe, mara ya tano irudishwe. Kila mara fundi alipanda ngazi.

"Tutoe betri tu," mwongozaji aliomba. "Zisimame zote, tufanye kazi."

Fundi alimtazama kama daktari aliyeambiwa asimamishe mioyo ya wodi nzima ili shuka zitandikwe vizuri. "Binti, hapa watu huleta saa zilizosimama. Kuzisimamisha ni kazi ya nani?"

Mwongozaji akakaa chini. Baadaye akamnong'oneza mpiga picha jambo, na kuanzia hapo taa nyekundu ya kamera haikuzimika tena, hata fundi alipokuwa ngazini akihesabu kwa sauti.

Mpiga picha alilalamika njaa. Fundi alimwonyesha ukuta. "Njaa ya nini? Saa tano na robo hii." Dereva alitoa biskuti wakagawana. Mtu mwingine angeshtuka tumbo linapoongea. Fundi hakuwa na sababu ya kushtuka. Kwa miaka ishirini aliuamini ukuta huo kuliko jua, na leo aliuamini zaidi kwa sababu alikuwa ameurekebisha mwenyewe, tena mara kumi na nne.

Ukuta ulisema saa saba na dakika ishirini mchana, huku fundi akipiga hesabu kwamba ana muda wa kuoga kabla ya kwenda stendi, pazia la mlangoni liliposukumwa na begi. Nyuma ya begi alikuwa mama mkwe, mkoba begani, vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi.

"Mama," fundi alisema, bisibisi mkononi. "Umewahi sana. Basi lilipaa?"

"Nani amewahi?"

"Si ulisema saa tisa?"

"Nimefika saa tisa. Nimekalia begi langu stendi karibu saa nzima kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mpaka muuza maji ameniuliza kama nina ndugu. Nakupigia, simu imezimwa."

Fundi alitazama saa ya mkononi, akatazama ukuta. Zilipatana. Akamgeukia dereva, ambaye alitazama ile saa yake isiyoharibika.

"Saa kumi na dakika tano, Mzee," dereva alisema, akiangalia viatu vyake.

Mama mkwe aliweka begi chini. Akazipitia zile saa moja moja, kuanzia ya juu ya mlango hadi ya mwisho kabisa.

"Saa zote hizi," alisema, "na zote zinadanganya kwa kauli moja. Simu yangu ikikosea, hukosea peke yake."

"Nilikuwa nazirudisha nyuma, Mama. Ili watu wasidanganywe."

"Watu gani?"

"Watazamaji."

"Mimi nilikuwa nani pale stendi, nguzo?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. Miaka kumi na tisa ya kuwahi iliondoka mbele ya macho yake, na taa nyekundu ilikuwa ikiwaka.

Mama mkwe hakurudi kwake. Alisema hawezi kuondoka kabla ya kuona kipindi, na kipindi kilichukua wiki tatu. Kila chakula alimuuliza mkwewe saa ngapi, akajibiwa kwa adabu, halafu akatoa simu kuhakikisha.

Kilirushwa Jumapili alasiri. Kati ya saa saba za kazi, fundi alipewa dakika nne. Dereva hakuwemo, wala ile huzuni. Alionekana fundi akipanda ngazi, akishuka, akipanda, huku msimulizi akinong'ona kwamba kwa mtu huyu muda ni suala la uamuzi. Kisha mama mkwe akaingia na begi lake, akasema yake, kikaisha.

Fundi hakuthubutu kugeuka. Mkewe naye alishika kikombe bila kunywa.

"Wamekata," mama mkwe alisema.

"Wamekata nini, Mama?"

"Nilisema mengi zaidi ya hayo. Na mkoba wangu. Naingia uko bega la kulia, naanza kusema uko la kushoto, natazama saa uko la kulia tena. Mimi siku hiyo mkoba niliuhamisha mara moja tu, mwishoni."

Fundi aligeuka polepole. Mkoba huo alikuwa ameuona tangu sekunde ya kwanza, ila aliogopa kuutaja.

"Wamepangua, Mama. Maneno yako ya mwisho wameyaweka mwanzo."

"Kumbe hufanya hivi?"

"Kila siku."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Miaka ishirini sasa."

Mama mkwe alimpima kuanzia kichwani, kama mtu aliyegundua kwamba kabati lake la zamani lina droo ya pili. "Nipishe," alimwambia binti yake, akahamia kwenye kiti kilicho karibu na cha mkwewe. Kipindi kingine kilikuwa kimeanza. Mamba alikuwa akimnyemelea swala mtoni, na msimulizi alikuwa amebana pumzi.

"Baba," mama mkwe alisema, "haya maji, mbona mwanzo yalikuwa na majani?"

"Ni mto mwingine huo, Mama. Na tazama kivuli cha swala."

"Nakiona. Mwongo mkubwa."

Mke wa fundi alichukua kikombe chake, akaenda kunywea jikoni, akafunga mlango.