Mgeni Aliyetaja Babu Kumi

Juzi nilikaa na wazazi wenzangu katika shule moja hapa Garissa, tukimsikiliza afisa wa polisi akiwaonya wasichana: "Mtandaoni, msiongee na mtu msiyemjua."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Afande, kuna mtu ananiomba picha, lakini huyo ninamjua."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana. Alinitajia babu zake kumi. Saba kati yao ni wetu."

Afande, ambaye si mwenyeji, alimtazama mwalimu. Sisi wazazi tuliitikia kwa vichwa. Kwetu mtu hajulikani kwa sura wala kitambulisho. Anataja baba, babu na babu wa babu mpaka mkutane. Mama aliyeketi kando yangu alisema, "Wallahi, huyo ni kijana yetu."

Afande akauliza, "Na babu zako wewe, angeweza kuwasikia wapi?"

Msichana akafikiri. "Niliwataja wote kwenye video ya Idi."

Mama yule akanigeukia. "Sasa huyo ni nani?"

Video hiyo ilinifikia hata mimi. Niliisifu sana, nikawatumia wote ninaowajua, na wengi nisiowajua.