Suruali Mbili za Waamuzi wa Besiboli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na wala si hiyo ninayotaka kukusimulia, lakini nisipopitia hapo sitafika. Nilikuwa kijana wa kuamia ndege kule Mofu. Mpunga ulikuwa unashika maziwa, na kweleakwelea walikuwa wanashuka kama mchanga uliomwagwa. Baba akanipandisha juu ya dungu alfajiri, akanipa kombeo na rundo la udongo wa mfinyanzi, akasema nisishuke mpaka jua lizame. Nikashuka saa nne asubuhi. Sababu siikumbuki. Labda njaa, labda alipita binti. Ninachokumbuka ni kaptula yangu, ambayo ilikuwa ya kaka kabla haijawa yangu, na ya baba mdogo kabla ya hapo. Ilinasa kwenye mti wa dungu ikabaki juu, mimi nikafika chini.

Mama hakunipiga. Alinipa sindano na uzi wa kushonea magunia. Nikashona siku nzima nimejifunga khanga yake, na ndege wakala walichokula. Baba aliporudi jioni akatazama jaruba, akatazama kaptula, akasema, "Huyu apelekwe kwa fundi. Kilimo tumwachie Mungu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye cherehani. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona maneno yangu yanakwenda kulia na kushoto kama mbuzi aliyekata kamba, nivumilie. Nimeshona maisha yangu yote hapa Ifakara, barazani kwangu Lipangalala. Nimeshona za kipaimara, nimeshona za harusi, na zaidi ya yote nimeshona sare za kwaya. Na kwaya, mwanangu, ndiyo iliyoniharibu.

Maana sare ya kwaya ina sheria moja. Wanakwaya wakisimama mbele ya altare, mapindo yote yawe mstari mmoja, kama maji ya jaruba yalivyotulia. Pindo moja likipanda kidole, waumini wataangalia kidole hicho misa nzima, na baada ya misa akina mama watakuja barazani kwako. Mwenyekiti wa kwaya yetu alikuwa akija na ufito mnyoofu, anawapanga, anaulaza chini ya mapindo. Anayezidi anarudishwa kwa fundi. Mimi nilijifunza kulingana na ufito ule, na nikaamini kwamba hakuna nguo ya pamoja nje ya ufito ule.

Sasa hapo ndipo walipokuja Filbert na Oliva.

Filbert nilimfahamu kwa pawatila, lile trekta dogo la mkono. Yeye ndiye aliyetulimia majaruba yetu upande ule, mtu mrefu, mnene wa mapaja, mpole mpaka unamwonea huruma. Oliva ni mwalimu wa shule ya msingi, mfupi, mwepesi, mdomo wake umenolewa. Walifika barazani wakati nakula mhogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Harusi lini?"

Oliva akacheka mpaka akashika nguzo. "Babu! Huyu anioe mimi? Tumekuja kushonewa suruali. Sisi ni waamuzi wa besiboli."

Nikauliza besiboli ni nini. Filbert akanieleza vizuri kabisa, na sikuelewa kitu. Anasema mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale pale alipoanzia. Nikauliza, "Sasa amekwenda wapi?" Akasema amepata alama. Nikamega mhogo. Mtu mzima akisema jambo lisiloeleweka kwa uso mtulivu namna ile, unaona haya kuuliza mara ya pili. Na kuuliza si ujinga, sisi wenyewe ndio tunaowafundisha watoto hivyo.

Filbert alikuwa ameitaka kazi ile kwa muda mrefu. Mashindano yaliyopita alikuja mkaguzi wa waamuzi kutoka Morogoro, akamkuta anaamua mechi kwa suruali ya pawatila, ina grisi mpaka magotini. Akamwambia anajua sheria kuliko wote, lakini hawezi kumpeleka kuamua mashindano ya kanda akiwa vile. Akampa nafasi moja tu. Mkaguzi atarudi Jumamosi fulani, akiwakuta wamevaa inavyotakiwa na wakaamua vizuri, wataenda wote wawili. Asipowakuta hivyo, watachukuliwa wengine.

"Yangu mimi iwe pana, babu," Filbert akasema. Akatoa kwenye mfuko wa mbolea vitu viwili vigumu kama magamba ya kobe. "Hizi ni kinga za ugoko. Nasimama nyuma ya mdakaji, mpira unakuja na kasi, kwa hiyo kinga zinakaa ndani ya suruali. Kuanzia gotini kwenda chini uniachie nafasi. Na mapaja, maana ninachuchumaa hivi kila mpira unaporushwa." Akachuchumaa pale pale, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Na mimi nakimbia katikati ya uwanja," Oliva akasema. "Yangu iwe nyembamba, iishie kwenye kifundo. Kitambaa kiwe kile cha kijivu kinachovutika. Na vitanzi vya mkanda viwe imara, huyu anabeba mfuko wa mipira kiunoni."

Nikasema sawa, nikachukua tepu nikampima Filbert. Nilimwambia asimame wima, kifua mbele, miguu pamoja. Nilimpima kama mtu anayekwenda kuimba zaburi. Zile kinga zilikuwa chini, kando ya mhogo wangu. Aliniuliza, "Babu, nisizivae kwanza?" Nikamjibu kwamba mimi nilianza kushika tepu kabla baba yake hajajua kufunga vifungo. Akainua mikono nimpime. Mtoto mwenye adabu ana shida moja, mwanangu, anakuacha ukosee.

Nilikata kama walivyosema, kwa kuwa nilisikia. Nisije nikajisingizia uziwi. Lakini Alhamisi nilipozitundika kwenye kamba, moja pana kama gunia, nyingine nyembamba kama bomba, moja ndefu, nyingine fupi, moyo ulinishuka. Akapita jirani yangu Deodata na ndoo yake.

"Babu, hizo ni za nani?"

"Za waamuzi. Ni sare."

"Sare gani hiyo? Macho nayo yamekwenda, pole."

Akaenda zake kisimani. Nikabaki naziangalia suruali zile nami sijui tena nilichokuwa nakijua asubuhi. Nikafumua. Ile pana nikaipunguza. Ile nyembamba nilikuwa nimeiachia kitambaa kwa ndani, nikaifungua. Urefu nao nikaupeleka katikati, mapindo yakalala mstari mmoja. Viuno tu niliwaachia kila mtu chake. Nikazitundika tena, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona uzuri. Zilipendeza, mwanangu. Hata leo nasema zilipendeza.

Mafundi tunajulikana. Nilikuwa nimewaahidi Jumatano, nikawapelekea Jumamosi yenyewe, pale uwanjani, mechi imebakiza nusu saa. Uwanja uko kando ya majaruba, watu wamejaa pembeni, wengi wao wamekuja kushangaa kama mimi. Filbert aliingia nyuma ya turubai na mfuko wake wa mbolea. Akakaa kwa muda. Alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyetoka kwenye gari la safari ndefu. Suruali ilikuwa imebana kinga mpaka unaziona zilivyo, na chini imeishia juu ya kifundo. Oliva akatoka na yake inaburuza vumbi.

"Babu, umetupimaje?"

"Nimewasawazisha."

"Umetusawazisha!" Akashika kiuno. "Babu yangu, vidole vya mkono havilingani, na kila kimoja kina kazi yake. Huyu anachuchumaa, mimi nakimbia. Umetuona sisi ni kwaya?"

Filbert akamwambia, "Mwache babu. Muda umekwisha." Oliva akakunja mapindo yake, wakaingia.

Kilichofuata nitakisema kama nilivyokiona, na nilikiona vibaya kwa sababu sikujua natazama nini. Mpira uliporushwa, Filbert hakuchuchumaa. Alijaribu, goti likagoma, akabaki ameinama kidogo tu, kichwa kiko juu. Mipira ya chini akawa anaikosea. Nilijua anaikosea kwa sababu upande mmoja ulipiga kelele, halafu upande mwingine nao ukapiga kelele. Mkaguzi kutoka Morogoro alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anaandika.

Mwishoni kabisa, kijana wa timu ya wageni akakimbilia kituo cha pili, akajitupa kwa matako, vumbi likapanda. Oliva alikuwa anakimbia kwenda kuona. Mapindo yakafunguka, akakanyaga moja, karibu aanguke, akaikamata suruali pajani kwa mkono wa kushoto akaendelea kukimbia. Alifika, akaona, akatoa ishara. Sasa ishara ya kwamba mkimbiaji yuko salama, nilikuja kuambiwa baadaye, ni mikono yote miwili inafunguka kama unafagia meza. Na ya kutoka nje ni mkono mmoja. Yeye alifagia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Nusu ya watu wakashangilia salama, nusu wakashangilia nje. Kijana mwenyewe akadhani ametolewa, akainuka, akaanza kuondoka kituoni. Akaguswa na mpira, na aliye nje ya kituo akiguswa huwa ametoka. Makocha wakaingia uwanjani, mmoja analia kabisa, Deodata ananiuliza nani ameshinda, mimi namuuliza yeye. Hakuna aliyejua. Filbert akaenda kwa Oliva, wakasemezana, na Oliva akanitazama mimi.

Mkaguzi akainuka na karatasi zake. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, tepu iko shingoni.

"Mwamuzi mkuu," akamwambia Filbert, "mwenzako ametoa ishara gani ile? Na wewe, tangu mchezo uanze umesimama kama mlingoti. Mipira ya chini unaionaje? Tatizo ni nini?"

Lilikuwa jambo la neno moja. Suruali. Filbert angesema hilo neno, mkaguzi angemwangalia miguu, akaelewa, labda akampa Jumamosi nyingine. Oliva akafungua mdomo, Filbert akamgusa bega. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeelewa hasira. Alinitazama kama alivyonitazama barazani, akisubiri nimwambie kama avae kinga kwanza au asivae.

"Kosa ni langu, mkubwa," akasema. "Sikujiandaa."

Na mimi, mzee wa watu, ningeweza kusema. Ilikuwa hatua tatu. Nikashika ncha ya tepu nikaanza kuikunja, taratibu, kama kuna mtu ameniagiza. Nikaikunja mpaka mwisho. Nilipoinua uso, mkaguzi alikuwa ameshaandika.

Kwa hiyo mwanangu, usidhani makosa ni ya ujana peke yake, kwamba ukiota mvi umevuka mto. Mimi hili nimelifanya nikiwa na wajukuu. Ukipewa kumvika mwamuzi, mpime akiwa kazini kwake. Anayekaa nyuma ya mdakaji avae kinga zake na viatu vyake kwanza, achuchumae mbele yako, uone kitambaa kinapolia, na hapo ndipo uongeze. Anayekimbia akimbie. Mwache apige hatua kumi barazani, ainue mikono yote miwili, kisha atazame kama suruali imebaki mahali pake. Rangi iwe moja, kitambaa kimoja, basi, hiyo sare inatosha. Usimpunguze mmoja ili afanane na mwenzake kwa sababu jirani kapita na ndoo.

Na hili la pili ndilo zito, nalisema taratibu kwa kuwa mimi mwenyewe bado linanichanganya. Mficha uchi hazai. Kosa lako likisimama mbele za watu na mwingine akalibeba, usikunje tepu. Sema. Hata sauti ikitetemeka, hata wakucheke, sema wakati kalamu bado iko juu. Baadaye ni maneno tu. Nilikwenda kwa yule mkaguzi kabla hajapanda gari, nikamweleza yote, akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Nashukuru mzee, ila yeye mwenyewe amesema ni lake." Akapanda gari.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu alivyo, na mdomo usiochelewa. Akupe mikono yenye kazi, na kazi yako isimwangushe aliyekuamini. Uishi mpaka uzeeke, na uzee wako uwe na haya ndogo kuliko yangu.

Utaniuliza Filbert je. Kanda walikwenda wengine. Oliva bado anaamua mechi za hapa, suruali nilimshonea upya, nyembamba, akakimbia nayo barazani mara mbili kwenda na kurudi ndipo akaipokea. Filbert nilimshonea pia, ila tangu siku ile hajarudi. Imetundikwa ndani. Nimepeleka salamu Uchindile, maana wanasema alionekana huko kwenye mashamba ya miti. Wa huko wanasema hawajamwona. Wengine wanasema ni aibu iliyomwondoa. Wengine hasira. Deodata anasema alikuwa na mipango yake ya siku nyingi. Mimi nasikiliza wote.

Siku ile, mkaguzi alipomaliza kuandika, Filbert alivua barakoa ya chuma akaiweka juu ya kile kituo cha nyumbani, pale wanapoanzia na kurudia. Akapangusa vumbi la kituo kwa mkono, kama wanavyofanya. Kuinama kukamshinda kidogo. Kisha akashika njia ya tuta katikati ya majaruba, na ile suruali yangu, miguu imekakamaa, watu bado wanabishana salama au nje. Nilijiambia akifika barabarani atageuka. Alifika barabarani, akaivuka.