Mchanga wa Tumboni mwa Kamba

Kazini mke wangu wanamwita Bibi Mchanga, naye hakasiriki. Yeye hupima vyakula vya baharini kujua kama vimepigwa mionzi ya kuua vijidudu. Mionzi hiyo haimdhuru mlaji. Kosa ni lebo kudanganya. Kwa kamba, ushahidi umo kwenye chembe za mchanga walizomeza. Mchanga uliopigwa mionzi ukipashwa moto hutoa mwanga. Anazitoa chembe hizo chini ya taa hafifu nyekundu, maana mwanga wa kawaida hufuta alama. Mfungulie mlango bila kubisha hodi, utajua upole wake unaishia wapi.

Mdogo wangu wa kike anauza kamba wa kugandishwa, na lebo zake zinasema hawajapigwa mionzi. Hoteli moja ilikubali kumpa oda ya mwaka mzima, mradi alete cheti cha maabara. Basi akaenda maabara kwa mke wangu na kamba waliomenywa, wakaoshwa, wakatolewa matumbo.

"Wifi, nimekuletea safi kabisa!"

"Umeosha mpaka ushahidi! Hapa si jikoni, wifi. Niletee wachafu, na atawapima mwenzangu. Wewe ni ndugu yangu."

Akawaleta. Jioni ya majibu mdogo wangu alikuja kwetu. Mke wangu hakuzunguka mbuyu.

"Mwanga umetoka. Mwenzangu karudia, umetoka tena."

Mdogo wangu alijiachia sakafuni. Aliyemuuzia mzigo alikuwa amemwapia kwa viapo vyote.

"Kaka, sema na mkeo! Waandike tu mchanga haukutosha."

Nilimpenda mdogo wangu, lakini mke wangu nilimjua.

"Kama ni kulia, lia, wifi, nitakaa na wewe," alisema. "Cheti hakibadiliki."

Akakaa kweli, palepale sakafuni, akamkumbatia mpaka chai ikapoa.

Asubuhi mdogo wangu aliipigia hoteli simu mwenyewe, kabla cheti hakijawafikia. Oda akapewa mwingine. Iliniuma, sifichi, ila nilijivunia wanawake wangu hao kuliko nilivyowahi kujivunia mtu.

Siku chache baadaye mdogo wangu alirudi maabara na kamba wa muuzaji mwingine, matumbo yamo, maji yakimchuruzika viatuni.

"Wapimeni kwanza," alimwambia wifi yake. "Lebo sijachapisha."