Shati la Waziri Mkuu na Mtani wa Vasemaca

Hapa Savusavu, mji wetu wa kisiwani, mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umeuaibisha ukoo mzima. Ndiyo maana Vasemaca, fundi cherehani jirani yangu, alitabasamu hadi mashavu yakamuuma asubuhi ile mtani wake Sevuloni alipopanda kibarazani, akachomoa shati kwenye kamba, akalivaa na kwenda zake akipiga mluzi.

Shati lenyewe lilikuwa la waziri mkuu wa visiwa vya jirani. Viongozi wa visiwa vyote walikuwa wamekuja kwetu kwa mkutano wao wa mwaka, na mageuzi yao mapya: safari hii marafiki matajiri wa ng'ambo wangoje nje, wenye bahari wazungumzie bahari yao peke yao. Tuliipenda amri hiyo kupita kiasi. Alama ya kuingilia mkutanoni ilikuwa shati la maua ambalo Vasemaca alimshonea kila kiongozi, na mashati yakipendeza, angepewa kushona na ya mwaka ujao. Kwa wiki nzima alikuwa akiimba jikoni.

"Mkimbilie umdai," nikamwambia.

"Nimdai mtani? Atanicheka mpaka kaburini."

Lakini alikimbia, mkasi mkononi, kitambaa cha mashati kilichobaki begani, mimi nyuma yake nimeshika mbavu kwa kicheko. Tulifika kwenye hoteli ya mkutano tukamwona Sevuloni, muuza mihogo, akipita langoni na mlinzi akimpigia saluti.

Mabalozi wa mataifa makubwa walikuwa wamekaa nje na chai yao, wamevimba kwa hasira. Mmoja akauliza, "Mama, yule bwana mnene ni wa nchi gani?"

"Wa nyumba ya tatu kutoka kwangu," akajibu Vasemaca.

Pale langoni alisimama mzee mmoja mpole, mlinzi amemzuia.

"Samahani, mheshimiwa. Bila shati hakuna kuingia."

"Najua, mwanangu. Amri hiyo niliiunga mkono mimi mwenyewe."

Vasemaca akamtambua: ndiye waziri mkuu mwenye shati. Aliiona kazi ya mwaka ujao ikimponyoka, na aibu ilimchoma. Akapiga magoti.

"Mheshimiwa, shati lako limechukuliwa na mtani wangu."

Mzee akamtazama. "Umekasirika?"

"Siruhusiwi."

Mzee akacheka hadi akashikilia lango. "Basi na mimi siruhusiwi. Tufanyeje?"

Vasemaca akakunjua kile kitambaa, akakata tundu katikati, akamvisha kichwani palepale mbele ya mabalozi. Mlinzi akapapasa upindo, akaona maua ni yaleyale, akafungua.

Jioni picha ikatoka. Viongozi wote ndani ya mashati, mmoja ndani ya kitambaa chenye tundu, na katikati yao Sevuloni, amewashika mikono marais wawili ambao kila mtu alijua hawasemeshani. Kumbe alikuwa akiwatania wote wawili tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ametoka kisiwa gani.

Vasemaca aliitazama picha ile akajua kazi ya mwaka ujao ameikosa. Akakifunika cherehani chake.

Siku ya kuondoka yule mzee mwenyewe alipita nyumbani kwa Vasemaca, kitambaa bado kikiwa shingoni.

"Mwaka ujao mkutano uko kwangu," alisema. "Mashati yote utashona wewe. Na uongeze moja, pana sana, la mtani aliyewashikanisha mikono wasiosemeshana."

Vasemaca alilia, akacheka, kisha akafuta uso na kwenda moja kwa moja kwa Sevuloni. Akamfungua nguruwe wake mnono kuliko wote, akaondoka naye akipiga mluzi.

Sevuloni alisimama mlangoni akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.