Kijani cha Skrini Iliyokufa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, fundi mkuu alinipeleka ufukweni kabla ya ofisini. Palikuwa na skrini ya kuwaonya wageni bahari inapochafuka, na chini yake alisimama Bakari wa Mwabungo, mwokoaji wa waogeleaji.

"Nyuma ya skrini kuna kidhibiti, kisanduku kinachoipa picha," fundi mkuu alisema. "Kazi yako ni kukijulia hali."

Msiogope, wanangu, ni rahisi. Kompyuta ya ofisini huuliza kupitia mtandao, kidhibiti hujibu. Kila swali lina namba yake: hii ya joto, ile ya umeme, nyingine ya kama picha inafika kwenye skrini. Jibu zuri huwasha kijani, baya nyekundu. Ni kama salamu zetu. Mtu mwenye homa ukimuuliza hujambo, atajibu sijambo. Mpaka umuulize tena ndipo atakwambia.

Chumvi ilikula nyaya, na swali la picha likawa linaleta nyekundu kila mara. Meneja wetu, mtu wa bara, akachoka kusumbuliwa na wenye hoteli.

"Mzee, hiyo swali toa. Wacha zile zinajibu poa."

"Bosi, kidhibiti kitasema kizima na skrini imekufa."

"Si ni kizima? Toa bana!"

Nilikataa. Akamwita fundi wa nje, akalitoa.

Asubuhi moja mkondo ulikuwa mkali na skrini ilikuwa nyeusi. Bakari alikuwa majini akimvuta mgeni mmoja, mwingine akaingia bila kuonywa. Wote wawili waliokolewa, huyo wa pili akiwa hajitambui.

Kikaoni meneja alituonyesha kijani. "Onyo lilikuwepo. Bakari, ulikuwa wapi?"

"Majini, bwana. Mikono yangu ni miwili."

"Bosi," nikasema, "swali la picha uliliondoa mwenyewe."

"Mzee, hapa tunaenda na ushahidi."

Bakari akafukuzwa siku hiyo hiyo. Meneja akapandishwa cheo, na nilipostaafu ndiye aliyenisomea hotuba ya shukrani.

Nanyi mtaiweza kazi hii, vijana wangu. Ila msiridhike na jibu la kwanza.

Bakari sasa anauza madafu kando ya barabara, Mwabungo.

"Hujambo, Bakari?"

"Sijambo, kaka."

Namuuliza tena. Huinamisha kichwa, akachukua panga, akanikatia dafu.